Jinsi ya Kuchagua Kruza ya Kwanza ya Kuendesha Peke Yako na Kubeba Abiria Jijini Nairobi

Maswali ninayoulizwa na wanaotaka kununua pikipiki aina ya kruza kwa mara ya kwanza hayabadiliki: injini ya cc ngapi inatosha, mke au mume ataketi vizuri huko nyuma, na je, spea zitapatikana? Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa kwa utaratibu unaoweza kuufuata hatua kwa hatua hadi siku ya kulipa.

Kruza ni ile pikipiki yenye kiti cha chini, usukani uliovutwa nyuma kumfuata dereva, na vikanyagio vilivyosogezwa mbele, kiasi kwamba mwendeshaji huketi kama aliyekalia kiti cha sebuleni. Umbo hilo ndilo linalowavuta wengi, na ndilo linalowaponza, kwa sababu mkao unaomstarehesha dereva mara nyingi umemsahau aliyeketi nyuma yake. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: pikipiki ya watu wawili ichaguliwe na watu wawili, na uzito wake upimwe ikiwa imesimama, si ikiwa inakimbia.

Nilijifunza hayo kwa gharama. Kruza yangu ya kwanza ilipita kilo 250, na niliinunua peke yangu, bila kumshirikisha mtu, kwa kuwa mlio wake ulinipendeza. Jioni moja tulisimama kwenye makutano ya Ngong Road, mahali ambapo lami imeinama kidogo upande wa kushoto. Mguu wangu ulikanyaga changarawe, ukateleza kiasi cha upana wa kiganja, na pikipiki ikaanza kulala polepole huku nikiiona na nisiweze kuizuia. Mwendo wetu ulikuwa sufuri. Mimi nilinyanyuka mzima, lakini mke wangu alibaki na alama ya kuungua na egzosi kwenye shavu la mguu, duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, ambayo hunionyesha kila nikitaja pikipiki nyingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Leseni inayofaa. Kwa pikipiki ya zaidi ya cc 50 unahitaji daraja A2. Daraja A3 ni la wanaobeba abiria kwa malipo, kama waendeshaji wa bodaboda. Ikiwa ungali na leseni ya muda ya mwanafunzi, usimpakie mtu.
- Helmeti mbili na jaketi mbili zenye vimulikaji. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inawataka dereva na abiria wote wavae, na inaruhusu abiria mmoja tu, aliyeketi kwa kutanua miguu kwenye kiti kilichofungwa imara. Tafuta helmeti yenye alama ya ECE, ambayo ni kiwango cha usalama wa helmeti, na kila mtu ajaribu ya kwake. Helmeti ya ziada inayomlegea abiria haina kazi yoyote kichwani mwake.
- Uzito wa kila mmoja wenu akiwa amevaa buti, jaketi na helmeti.
- Tochi ndogo, kipima upepo wa tairi, futi ya kupimia na kitambaa cheupe.
- Bajeti iliyogawanywa. Mimi hushauri sehemu moja kati ya tano ya pesa zote isiguswe wakati wa kununua, kwa kuwa tairi, bima, mavazi na uhamisho wa umiliki vinakungoja siku hiyo hiyo.
- Abiria mwenyewe. Ikiwa hana nafasi Jumamosi hii, nenda Jumamosi ijayo.

Hatua za kufuata

1. Andika safari zako za wiki mbili. Usiandike safari unazoziota. Andika ulizosafiri kweli. Wengi hugundua kwamba siku tano kati ya saba watakuwa peke yao kwenye msongamano, na abiria atapanda Jumapili tu. Kumbuka pia kwamba pikipiki haziruhusiwi kwenye barabara ya juu ya Nairobi Expressway, kwa hiyo safari yako ya Mombasa Road itakuwa ya chini, pamoja na malori na matatu.

2. Chagua ukubwa wa injini kwa kuzingatia mwinuko wa jiji. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu inayoandikwa na kiwanda. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya miji ya pwani huongeza tatizo, kwani humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na plagi hugeuka nyeusi. Injini yenye injekta hurekebisha uwiano huo yenyewe, ingawa nguvu iliyopotea hairudi.

Chukua mfano wa Royal Enfield Meteor 350, iliyotoka mwaka 2020. Kiwanda huipa nguvu za farasi 20 hivi. Hapa kwetu hesabu hiyo hukaribia 17. Kwa mtu mmoja anayetoka Rongai kwenda kazini, zinatosha na kubaki. Kwa watu wawili wanaorudi kutoka Magadi, ambako ni kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, wakipanda kuelekea Corner Baridi, utajikuta umeshuka gia nyuma ya lori bila akiba ya kulipita. Honda Rebel 500, yenye cc 471 na nguvu za farasi 45 hivi, hupanda mlima huo bila kulalamika, na Kawasaki Vulcan S ya cc 649, yenye takriban 60, hata hausikii.

Maoni yangu ni haya: ikiwa abiria atapanda mjini na kutoka nje ya jiji mara moja kwa mwezi, cc 350 zinatosha, ikiwa mtasafiri pamoja kila wiki, tafuta kati ya 500 na 650. Kuanza na cc 800 au zaidi ni kununua uzito ambao bado hujajua kuutumia.

*Kosa la kawaida:* kununua injini kubwa "ili nisiichoke haraka". Anayeanza na pikipiki nzito huchoshwa kwanza na kuisukuma kwenye maegesho.

3. Pima uzito na kimo ukiwa umesimama. Bajaj Boxer uliyojifunzia ina kilo 120 na ushee. Meteor 350 ina 191, Rebel 500 iko karibu na 190, Vulcan S inakaribia 230, na Super Meteor 650 ina 241. Kimo cha kiti cha Rebel ni milimita 690, Vulcan S 705, Super Meteor 740 na Meteor 350 ni 765. Kiti cha chini husaidia, lakini mtu mwenye miguu mifupi asidanganyike na kiti peke yake, kwa kuwa upana wa kiti huitanua miguu na kuyapunguza urefu mapaja. Vulcan S ina faida moja hapa: vikanyagio vyake vinaweza kufungwa katika nafasi tatu, mbele au nyuma, kulingana na miguu yako.

Fanya jaribio hili kabla ya kuwasha injini. Keti, simamisha pikipiki wima, hakikisha nyayo zote mbili zimekanyaga chini kikamilifu, kisha mwambie abiria apande kwa kukanyaga kikanyagio chake cha kushoto, kama atakavyofanya siku zote. Hapo ndipo utaijua pikipiki. Ikiwa umeyumba au umelazimika kuvuta usukani kwa nguvu ili usianguke, pikipiki hiyo ni nzito kwako kwa sasa, hata kama peke yako umeimudu. Rudia jaribio hilo mahali penye mteremko kidogo, kwa kuwa makutano ya Nairobi hayakujengwa kwa pima maji. Mwisho, shuka na uisukume kinyumenyume hatua kumi.

4. Mpe abiria nusu saa. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naomba usiiruke. Kruza nyingi huja na kiti cha nyuma kilicho kama slesi ya mkate: kile cha Rebel, kwa mfano, ni kipande kidogo kinachoweza kuondolewa. Mwache abiria aketi, akiwa na helmeti, kwa muda mrefu kuliko muuzaji anavyotaka, huku mkizungumza mambo mengine. Baada ya dakika kumi ataanza kujisogeza. Mwangalie anakosogea.

Kagua mambo manne. Kwanza, magoti yake yasiwe juu kuliko kiuno. Yakiwa juu, uzito wote umelalia mfupa wa mkia. Pili, awe na mahali pa kushika pasipo kukukumbatia wewe, iwe ni mshiko wa chuma au mkanda wa kiti. Tatu, kuwe na egemeo la mgongo, au angalau matundu ya kulifungia, kwa sababu kruza inapoondoka ghafla abiria asiye na egemeo huelekea nyuma. Nne, pitisha mkono wako kati ya mguu wake na egzosi wakati injini haijawashwa. Ikiwa shavu la mguu limeligusa bomba, au limebakiwa na nafasi ya vidole viwili tu, dai ngao ya joto kabla ya kuzungumza bei. Mimi sikudai.

5. Piga hesabu ya mzigo. Kwenye fremu, aghalabu karibu na shingo ya usukani, au ndani ya kitabu cha mmiliki, kuna uzito wa juu unaoruhusiwa kwa pikipiki pamoja na vyote vilivyo juu yake. Toa uzito wa pikipiki yenye tangi lililojaa. Kinachobaki ndicho chenu. Tuseme kibao kinasema kilo 370 na pikipiki ina 191: mmebaki na 179. Dereva mwenye mavazi yake ana 88, abiria 74, jumla 162. Kilo 17 zilizosalia ni za mfuko, maji na kreti ya maembe mtakayoshawishika kununua njiani. Ikiwa hesabu imekataa mkiwa bado hamjafunga hata mfuko mmoja, tafuta pikipiki nyingine.

6. Pima nafasi iliyo chini ya injini. Kruza iko chini, na mtaa wako una matuta ambayo hayakujengwa kwa kipimo chochote. Vulcan S ina milimita 130 kutoka ardhini; Meteor 350 ina 170. Tofauti hiyo ya sentimita nne ni ndogo kwenye karatasi na kubwa sana kwenye tuta la South B. Abiria akipanda, springi hubonyea na nafasi hiyo hupungua zaidi. Chuchumaa, umulike tochi chini ya injini na egzosi, na uangalie mikwaruzo: itakueleza mwenye pikipiki aliishi mtaa gani na aliendesha vipi.

7. Tafuta fundi na spea kabla ya kutafuta pikipiki. Nenda Kirinyaga Road ukiwa na orodha fupi: pedi za breki, nyaya za klachi, chujio la oili, tairi ya nyuma ya saizi ile ile. Usiulize kama "zinapatikana", kwa kuwa jibu daima ni ndiyo, omba uoneshwe. Kipande kinachopaswa kuagizwa nje kinaweza kuisimamisha pikipiki kwa wiki kadhaa.

Angalia pia namna nguvu inavyofika kwenye gurudumu la nyuma. Cheni ni rahisi, kila fundi anaijua, ila inahitaji kusafishwa, kutiwa mafuta na kukazwa mara kwa mara, hasa msimu wa mvua. Mkanda, kama ule wa Suzuki Boulevard S40 au wa Harley-Davidson Sportster, ni msafi na mtulivu, lakini kokoto moja ya barabara ya murram ikinaswa ndani yake inaweza kuutoboa. Shafti, yaani fimbo ya chuma inayozunguka badala ya cheni au mkanda, inayopatikana kwenye Yamaha V Star 650 na Honda Shadow Aero 750, huhitaji kazi ndogo kuliko zote. Anayeishi mahali pa vumbi na asiyependa kuchafua mikono angeanza kutafuta hapo.

8. Kagua pikipiki iliyotumika ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na silinda, bila kugusa kwanza. Ikiwa ina joto, amekwisha kuipasha, na sababu ya kawaida ni kwamba haiwaki vizuri asubuhi. Mimi huomba radhi, hunywa chai kwenye kibanda kilicho karibu, na kurudi baada ya saa mbili.

Kisha soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 1416 ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016, na hata ikiwa na meno mapya kabisa, mpira wake umekauka. Futa shoki za mbele kwa kitambaa cheupe, ubonyeze usukani mara tano, ufute tena. Mstari wa oili unamaanisha sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, zimekwisha. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia: ukikwama katikati kama uliopata shimo, beringi za shingo zinahitaji kubadilishwa.

9. Linganisha karatasi na chuma. Soma namba ya fremu wewe mwenyewe, kwa tochi, na uilinganishe na ile iliyo kwenye logbuku, yaani hati ya usajili, pamoja na namba ya injini. Fanya utafutaji wa kumbukumbu za pikipiki kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen ili ujue mmiliki aliyesajiliwa ni nani na kama kuna mkopo unaoidai. Anayekuuzia awe ndiye huyo, na uhamisho auanzishe kutoka akaunti yake mwenyewe mkiwa mmeketi pamoja. Logbuku ya "rafiki yangu aliye Dubai" ni sababu tosha ya kuaga.

Kuhusu bima, ile ya lazima inawalinda watu wengine barabarani. Uliza kwa maandishi kama abiria wako asiyelipa nauli amejumuishwa, na ikiwa hajajumuishwa, ongeza kifungu hicho kabla ya kuondoka na pikipiki.

10. Iendeshe peke yako, kisha mkiwa wawili, kisha uirekebishe. Chagua Jumapili asubuhi, barabara tulivu. Ukiwa peke yako, jaribu breki kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kisha mpakie abiria na urudie. Utaona umbali wa kusimama umeongezeka na breki ya nyuma imekuwa na kazi zaidi kuliko ulivyozoea. ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge breki ikikazwa, inafaa kulipiwa hapa kuliko rangi au vioo vya kung'aa. Ukishanunua, kaza springi za nyuma kwa spana yake ya ndoano kabla ya kila safari ya watu wawili, na ujaze upepo wa tairi kulingana na kibandiko cha kiwanda, ambacho kwa kawaida kina kipimo cha mtu mmoja na kipimo cha watu wawili. Karibu kila mtu husahau cha pili.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

*Usukani unakuwa mwepesi au unatikisika abiria akipanda.* Nyuma imeshuka na mbele imenyanyuka. Kaza springi, ongeza upepo wa nyuma, na usogeze mzigo mbele. Ukiendelea, rudi kwenye beringi za shingo.

*Madereva wanaokuja wanakuwashia taa kamili usiku.* Sababu ni hiyo hiyo: taa yako inamulika angani. Ishushe kidogo baada ya kukaza springi.

*Tumbo la pikipiki linagota kwenye matuta.* Lipande tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea, pikipiki ikiwa wima, na uachie breki ya mbele kabla gurudumu halijaligusa, kwa kuwa breki huishusha pua. Matuta mawili au matatu mabaya ya mtaani mwenu, abiria ashuke; hakuna aibu.

*Klachi inanuka mkianza kupanda mlima.* Unaizuia pikipiki kwa klachi badala ya breki. Kanyaga breki ya nyuma, ongeza mafuta kidogo, achilia klachi hadi uhisi pikipiki inataka kwenda, ndipo uachie breki. Fanya zoezi hili bila abiria hadi likae mguuni.

*Injini inachemka kwenye msongamano.* Injini nyingi za kruza hupozwa kwa upepo tu, na upepo huo haupo mkisimama. Foleni ikizidi dakika chache, zima.

*Helmeti zenu zinagongana kila ukibadilisha gia.* Mara nyingi kosa ni la dereva anayeachia klachi kwa kishindo. Abiria naye aweke kiganja kimoja kwenye kiuno chako, na kingine kwenye mshiko.

*Mgongo wa dereva unauma baada ya saa moja.* Miguu ikiwa mbele, huwezi kunyanyuka unapopita shimo, na kila pigo huishia kwenye uti wa mgongo. Rudisha vikanyagio nyuma ikiwa vinaruhusu, au usogeze usukani karibu ili usiinamie mbele.

*Abiria hataki tena kupanda.* Muulize ni baada ya kilomita ngapi alianza kuumia, na wapi. Akitaja mfupa wa mkia, mpeleke kwa fundi wa viti pamoja na kiti chenyewe, aongezewe sponji ngumu na upana, na apimwe akiwa amekikalia. Akitaja magoti, vikanyagio vyake vishushwe. Akitaja uendeshaji wako, safari ijayo iishie Karen, kwa kilomita 50 kwa saa, na yeye ndiye aseme mtarudi saa ngapi.